Mogadishu ni Saa Moja Tu

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya mabati, Rawda alikuwa na kazi ambayo watoto wengine wa mtaa ule karibu na bandari ya Kismayo hawakuijua. Alifunua mtungi wa maji uliokaa kivulini nyuma ya jiko, akaingiza mkono, akatoa kopo dogo la plastiki lililokuwa likielea. Ndani ya kopo hilo, lililofungwa barabara lisiingie hata tone, mlikuwa na kichupa cha insulini, dawa ya mdogo wake Ilyas. Nyumba yao haikuwa na friji, na joto la Kismayo halina huruma. Mtungi wa udongo ndio uliokuwa friji yao.

Ilyas alikuwa na miaka sita na ugonjwa wa kisukari. Alidungwa sindano asubuhi kabla ya chai, na magharibi kabla ya chakula cha usiku. Mama yao, Mwanasiti, ndiye aliyemdunga. Rawda, mwenye miaka kumi na miwili, alitoa dawa na kuirudisha. Bibi yao Maimuna alimshika mtoto na kumpigia hadithi za kisiwa cha Chula, alikozaliwa, mpaka sindano imeingia na kutoka bila kilio. Baba yao alikuwa baharia Mombasa, akija nyumbani mara moja moja.

Asubuhi hiyo nyumba nzima iliamka na kiherehere. Mama na Ilyas walikuwa na safari ya ndege kwenda Mogadishu, kwa daktari bingwa wa watoto. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kupanda ndege. Bibi Maimuna alikuwa amekwisha kufukiza ubani mara mbili, na Ilyas alikuwa akizunguka uani mikono ameitandaza, akinguruma.

"Rawda," mama aliita huku akifunga mkoba. "Dawa itoke mtungini dakika ya mwisho, bajaji ikiwa mlangoni. Uitie ndani ya themosi pamoja na kitambaa kilicholowa, halafu themosi uitie mkobani mwangu. Na mimi sitaifungua mpaka magharibi, joto lisije likaingia. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Rawda alikuwa mwepesi wa kazi, na mchu mwepesi, yaani mtu mwepesi, kama Bibi alivyozoea kusema kwa lahaja ya Chula, hupenda kuitangulia kazi yenyewe. Alilowesha kitambaa, akakitia ndani ya themosi, akaifunga, akaitia mkobani. Kilichobaki kilikuwa kichupa peke yake. Akajiambia atakitia bajaji ikifika, akatoka nje kidogo.

Nje, watoto wa jirani walikuwa wamekusanyika kumwona Ilyas, kama kwamba mtu atakayepanda ndege hubadilika sura. Umi, rafiki yake Rawda, alikuwa akitikisa kichwa.

"Mogadishu ni mbali, jamani. Babu yangu alikwenda kwa lori. Siku alipofika, hata ndugu zake hawakumjua kwa vumbi."

"Kwa lori, ndiyo," alijibu Rawda. "Kwa ndege ni saa moja tu. Tena haitimii."

"Umejuaje wewe, uliyepanda punda tu?"

Hapo ndipo alipoguswa penyewe. Rawda alikuwa bingwa wa hesabu darasani kwa Mwalimu Abubakar, na mwezi ule ule walikuwa wamefundishwa mwendo, umbali na muda. Akaokota kijiti, akachuchumaa, akachora mchangani. Hapa Kismayo, hapa Mogadishu. Kwa angani ni kama kilomita mia nne. Ndege yenye mapanga yanayozunguka huenda kilomita mia nne na hamsini kwa saa. Gawanya, zidisha kwa sitini.

"Rawda!" sauti ya mama ilitoka ndani. "Dawa umeitia?"

Alikuwa katikati ya kugawanya. Umi alikuwa amemkazia macho, tayari kumcheka akikosea.

"Nimeitia!" alijibu bila kuinua kichwa.

Hakukusudia kudanganya. Alikusudia kumaliza hesabu, kisha aende akakitie kichupa, na neno lake liwe kweli kabla mtu hajalijua kuwa ni uongo. Ndivyo uongo mwingi unavyoanza. "Dakika hamsini na tatu!" alitangaza, na watoto wakaguna kwa mshangao.

Mara honi ikalia. Bajaji ya Mjomba Sabir, mdogo wake mama, ikakata kona mapema kuliko ilivyotazamiwa. Mambo yakaenda mbio. Sabir alisema njia ya uwanjani ina ukaguzi mrefu, wasipoteze wakati. Mama alipapasa mkoba kwa nje, akaiona themosi imo, akaridhika. Bibi akauinua msahafu, wasafiri wakapita chini yake, wakasomewa Fatiha. Rawda aliambiwa ashike hiki, alete kile, amvalishe Ilyas kiatu. Majirani wakaingia, wakakumbatia, wakalia kidogo. Bajaji ikaondoka.

Rawda alikwenda nyuma ya jiko kunywa maji. Alipofunua mtungi, kopo lilikuwa likielea pale pale, likizunguka taratibu.

Alilinyakua kopo, akatimua mbio mpaka mlangoni. Bajaji ilikuwa mwisho wa mtaa, imesimama kupisha mkokoteni wa maji. Sauti moja tu ingetosha. Akafungua kinywa.

"Shh! Wataka kufanya nini?" Bibi Maimuna alimdaka mkono kwa nguvu. "Mchu wa safari haitwi nyuma! Ukimwita, wamtia mkosi. Asicho nacho, Mungu atampa mbele."

Rawda alimtazama bibi yake. Kopo alikuwa amelificha nyuma ya mgongo. Angeweza kusema, "Bibi, wamesahau dawa." Lakini hawakusahau wao. Na neno "nimeitia" lilikuwa bado linanuka mdomoni mwake. Basi akajificha nyuma ya mwiko wa Bibi kama alivyolificha kopo nyuma ya mgongo. Mkokoteni ulipita. Bajaji ikapinda kona.

Alilirudisha kopo mtungini, akakaa jikoni na kuanza hesabu upya. Dakika hamsini na tatu. Watafika Mogadishu hata adhuhuri haijaadhiniwa. Sindano ni magharibi. Mama atafungua themosi, ataona hamna kitu, atakasirika, ndiyo, atakasirika sana. Lakini Mogadishu ni mji mkubwa, maduka ya dawa yamejaa. Atanunua nyingine. Ilyas atadungwa. Rawda atagombezwa kwenye simu, mambo yataisha.

Hesabu ilikuwa sahihi. Aliirudia mara nyingi, na kila mara ilikuwa sahihi, na bado hakuweza kuiacha.

Maana alikuwa akikumbuka mwaka jana. Walikwenda Chula harusini, mashine ya boti ikaharibika, wakakwama kisiwani na dawa imekwisha. Ilyas alianza kwa kiu. Alikunywa maji, akanywa tena, akakojoa kila mara. Siku iliyofuata akatapika, akawa anapumua kwa kasi na pumzi yake inanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Walipomfikisha hospitali ya Kismayo hakuwa akimtambua hata mama yake. Nesi Wardah aliyemhudumia aliwaambia baadaye, bila kupaka maneno asali: "Mtoto huyu akikosa chakula siku moja atalia njaa. Akikosa dawa siku moja anaweza kuwapotea. Msicheze."

Adhuhuri ilipoadhiniwa, Rawda alishusha pumzi. Sasa wamekwisha kufika, alijiambia. Bibi alipakua wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Kabla hawajanawa, bajaji ililia nje, na Mjomba Sabir akaingia akijipangusa jasho.

"Karibu chakula, mwanangu," alisema Bibi. "Wameruka salama?"

"Waruke wapi, Mama! Ndege imekuya sasa hivi. Tangu asubuhi abiria wamekaa kwenye mabenchi. Na mnajua wamesema nini? Haiendi Mogadishu moja kwa moja. Yapitia Dolow kwanza, ina watu wa kuwachukua huko."

"Dolow!" Bibi alishika shavu. "Dolow ya mpakani na Uhabeshi?"

"Iyo iyo. Na huko, giza likiingia ndege haziruki. Wanasema huenda ikalala, iondoke kesho. Kesho nayo saa ngapi, Mungu ndiye ajuaye."

Rawda aliiona ramani ya darasani mbele ya macho yake. Mogadishu iko upande wa mashariki kwa kufuata pwani. Dolow iko juu kabisa, kaskazini, barani. Kilomita mia tano upande mwingine kabisa. Mji mdogo, ugenini, usiku, mama hamjui mtu. Atafungua themosi magharibi na kukuta kitambaa.

Bibi Maimuna alichota tonge, akalitia mdomoni kwa utulivu. "Haidhuru. Safari ni subira. Alhamdulillahi, dawa wanayo."

Maneno yale yalimchoma Rawda kuliko kofi. Lakini hata hapo bado alitafuta kichochoro cha kupita. Binadamu ni mgumu kuitua aibu yake.

"Mjomba," alisema, akijaribu kutabasamu, "kama ndege haijaondoka, nipeleke uwanjani nikamuage Ilyas."

"Si ulimuaga asubuhi?"

"Sikumuaga vizuri."

Sabir alicheka. "Kule ni mbali, mpwa wangu, na langoni hawapitishi mtu asiye na sababu. Petroli ya kuaga mara mbili sina. Kula."

Rawda alitazama sahani. Wali haukupanda mdomoni. Kila tonge alilolitazama lilimwonyesha Ilyas ameegemea mkoba kwenye uwanja wa vumbi, anaomba maji, anaomba tena. Machozi yakaanza kumtiririka.

"Bibi, dawa hawana."

"Wasemaje?"

"Dawa hawana. Imo mtungini. Mama aliniuliza nikasema nimeitia, na sikuitia. Niliiona kabla bajaji haijapinda kona, na sikusema." Akavuta pumzi. "Nimeongopa, Bibi. Nimeongopa tangu asubuhi."

Sabir alikuwa na kipande cha samaki mkononi, kikabaki pale pale nusu ya njia. Bibi Maimuna hakupiga kelele wala hakuinua mkono. Uso ulimbadilika tu, ukawa wa mtu aliyezeeka ghafla.

"Lete simu," alimwambia Sabir.

Sabir alipiga. Akasikiliza, akapiga tena. "Imezimwa. Dada aliambiwa na mtu kwamba simu huharibu ndege. Ameizima tangu langoni."

"Basi inukeni! Mwana yule asikutwe na magharibi hana dawa!" Bibi alikuwa amekwisha kusimama, ameisahau miguu yake iumayo. "Rawda, leta themosi yangu ya chai. Imwage, isuuze."

Rawda alikimbia. Sabir naye alikuwa na haraka zake. Alifunua ndoo ya samaki, akatoa pande la barafu. "Tia hili, litapoza mpaka Dolow na kupita."

"Hapana, Mjomba!" Rawda alimshika mkono. "Nesi Wardah alisema insulini ikiganda imekufa. Yahitaji ubaridi wa mtungi tu, si wa barafu."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Hilo siongopi."

Sabir alimtazama kidogo, kisha akalirudisha pande la barafu ndooni. Rawda alilowesha kitambaa, akakikamua, akakiviringisha kichupa ndani yake pole pole, akakitia ndani ya themosi. Safari hii alikiona kwa macho yake kikiingia, akafunga kifuniko, akafungua tena kuhakikisha, akafunga. Kopo nalo alilichukua, maana lilikuwa na karatasi ya hospitali yenye jina la Ilyas.

"Mpeleke wewe, Sabir, lakini asemaye langoni ni yeye," alisema Bibi. "Aliyeufunga mlango kwa ulimi ataufungua kwa ulimi ule ule."

"Bibi," Rawda aliuliza kwa sauti ndogo, "na mwiko? Si ulisema msafiri haitwi nyuma?"

Bibi alimgeukia kwa ukali ambao Rawda hakuwahi kuuona. "Mwiko huo waliuweka wazee msafiri asirudishwe kwa upuuzi, kwa kanga au kitana alichosahau. Hawakuuweka mtoto ajifichie uongo wake. Ungaliniambia una nini mgongoni, ningalipiga ukelele mimi mwenyewe mpaka bandari yote ikasikia. Kwenda!"

Bajaji ilirukaruka katika mashimo ya barabara ya uwanjani, ikayapita maduka, ikaipita miti ya miiba iliyojaa mifuko ya plastiki. Rawda aliipakata themosi kwa mikono miwili. Mbele yao malori yalikuwa yamepanga mstari kwenye kizuizi, na askari alikuwa akikagua moja moja bila haraka yoyote. Kutoka mbali ulisikika mngurumo, kwanza mdogo, kisha ukazidi.

"Hiyo ni mashine ya ndege," Sabir alisema. Akaiegesha bajaji pembeni, akamshika Rawda mkono, wakaenda mbio kwa miguu wakiyapita malori. Njiani akamnong'oneza, "Sikiliza. Mwambie wewe ni abiria, umechelewa. Watakupitisha mbio mbio, mengine tutayajua ndani."

Lilikuwa shauri la mjomba anayempenda mpwa wake, na kwa dakika moja Rawda alilitamani. Lilikuwa jepesi. Lakini alimwona askari akinyoosha mkono kwa dereva wa lori, akidai karatasi. Naye karatasi ya safari hakuwa nayo. Uongo huu nao ungetaka mwingine wa kuusimamisha, na ndege ilikuwa ikinguruma.

"La, Mjomba. Nitasema yaliyokuwa."

Askari aliwatazama kuanzia juu hadi chini. "Tiketi?" aliuliza kwa Kisomali.

"Sina," Rawda alijibu kwa Kisomali vile vile. "Mimi si abiria. Mdogo wangu yumo ndani ya ndege, ana kisukari. Mimi ndiye niliyeachiwa kazi ya kumtilia dawa, sikuitia, nikamwambia mama nimeitia. Mama hajui. Ndege inakwenda Dolow, na magharibi ataihitaji."

Alisema yote mbele ya madereva wa malori, mbele ya wachuuzi wa maji, mbele ya kila aliyekuwa na masikio. Uso ulimwaka moto. Askari alikunja uso, akaichukua themosi, akaitikisa karibu na sikio.

"Taratibu, tafadhali! Ni kioo."

Askari alimwita mwenzake kwa redio. Baada ya muda uliokuwa mrefu kama mwezi, alitoka mwanamke aliyevaa jilbabu na kizibao cha ulinzi juu yake. Ndiye aliyekagua abiria wa kike, na jina lake Fardowsa lilikuwa limeandikwa kifuani.

"Eeddo," alisema Rawda, kama Wasomali wanavyomwita kwa heshima mwanamke wa rika la shangazi. Akarudia maneno yale yale, hakupunguza wala hakuongeza.

Fardowsa alifungua themosi, akatoa kichupa, akasoma. Akasoma jina kwenye kopo. "Mtoto mwenye shati la manjano? Anayenguruma kama ndege?"

"Ndiye huyo!"

"Milango inafungwa." Fardowsa alifunga kifuniko. "Nyinyi bakini hapa."

Alikwenda hatua chache kwa heshima ya kazi yake, kisha akaisahau heshima, akaipandisha jilbabu na kukimbia. Rawda alijibandika kwenye waya wa uzio. Aliiona ndege mbali, mapanga yake yakizunguka mpaka hayaonekani. Alimwona Fardowsa akivuka uwanja huku ameinua mkono. Mara gari la mafuta likapita katikati, likasimama, likaziba kila kitu.

"Ondoka, ondoka," Rawda aliliambia gari lile kwa kunong'ona. "Ya Rabbi, liondoke."

Lilipoondoka, ndege ilikuwa ikitembea. Ilikwenda mpaka mwisho wa njia, ikageuka, ikanguruma, ikainuka juu ya vichaka, ikaelekea upande ambao si wa Mogadishu.

Fardowsa alirudi akihema, mikono mitupu. "Ngazi ilikuwa imeondolewa. Nimempa mfanyakazi wa chini, naye amemrushia mhudumu mlangoni. Mhudumu ameidaka, hilo nimeliona. Kama amempa mama yako, mwanangu, sikuona. Kuna kelele nyingi, na watu wengi wana themosi."

Sabir alimshukuru, akamrudisha Rawda nyumbani.

Alasiri ile ilikuwa ndefu kuliko siku zote za maisha ya Rawda. Kila nusu saa Sabir alipiga simu, na kila mara alitikisa kichwa. Bibi Maimuna alikaa kwenye mkeka akivuta tasbihi. Rawda alifua nguo zilizokuwa safi. Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alijua kupima njia ya ndege kwa dakika. Kitu kilichotupwa mlangoni kinachukua muda gani kumfikia mtu wa kiti cha nyuma, hilo hakuna hesabu iliyowahi kumfundisha. Jua likapungua. Muadhini akaadhini magharibi. Hii ndiyo saa ya sindano, Rawda aliwaza.

Bibi alikuwa bado juu ya msala simu ilipolia. Sabir aliidaka. "Dada? Dada, mko wapi?" Akasikiliza. Kisha akakaa chini kwenye mkeka, akafunika macho kwa kiganja.

"Amedungwa," Sabir alisema. "Amedungwa, anakula."

Bibi Maimuna alisujudu tena, kichwa chini, hakukiinua kwa muda. Rawda alilia kwa sauti, kama mtoto mdogo, bila kujali majirani.

Sabir alimsimulia dada yake yaliyotokea langoni, kisha akaifungulia simu sauti, wote wakasikia. Mama alikuwa Dolow, katika nyumba ya wageni karibu na uwanja. Ndege ililala huko kweli. Alisimulia jinsi mhudumu alivyopita akiuliza, "Mama Ilyas ni nani?" naye akamjibu kwamba amekosea, themosi yake anayo. Mhudumu akasisitiza. Ndipo alipoifungua ya kwake na kukuta kitambaa kitupu.

"Hapa nimeuliza duka la dawa," mama aliendelea. "Insulini hamna. Walisema labda kesho, labda kesho kutwa." Kisha akasema, "Nipe Rawda."

Rawda alisogea karibu na simu. Alikuwa ametunga maneno mengi ya kuomba radhi tangu alasiri, na yote yalimpotea. "Mama, nisamehe. Niliongopa."

"Bibi yako amesema nini juu ya hilo?"

Rawda alimtazama bibi yake. Bibi Maimuna alikunja msala, akaketi kitako, akasema polepole, ili mwanawe wa Dolow na mjukuu wake wa Kismayo wasikie wote wawili:

"Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Ni kweli, Rawda. Yako ilikuwa fupi mno, kutoka mlangoni mpaka mtungini. Lakini si wewe uliyekuwa msafiri. Umejua ndege yaruka muda gani, na hesabu yako sina shaka nayo. Hukujua kwamba yaweza kuchelewa, yaweza kupita kwingine, yaweza kulala. Hakuna mchu ajuaye hayo. Ndiyo maana msafiri haachwi aende na uongo mkobani, hata kama ni safari ya kwenda nyumba ya pili. Kosa ni la binadamu. Ungalisema nimesahau, tungalicheka sote asubuhi ile ile."

"Ndiyo, Bibi."

"Nami nina langu," Bibi aliongeza. "Nilikushika mkono nikakunyamazisha bila kukuuliza una nini. Kuanzia leo, katika nyumba hii, mtoto akifungua kinywa tutamsikiliza kwanza."

Kisha sauti ya mama ikarudi, imechoka. "Rawda, unajua kwa nini sikuifungua themosi asubuhi? Angekuwa mtu mwingine aliyeniambia 'nimeitia,' ningeifungua nikatazama. Sikutazama kwa sababu ni wewe."

Katika yote ya siku ile, hakuna lililomwingia Rawda kama hilo. Alilia tena, safari hii kimya kimya. "Basi kazi ya dawa mpe mtu mwingine, Mama," alisema hatimaye. "Mimi sifai."

"Hapana. Nikirudi, kazi ya dawa ni yako," mama alijibu. "Leo umeitangaza aibu yako mbele ya watu ili ndugu yako apone, hilo nimeambiwa. Utaitia dawa wewe, na kila siku utaniita nije nione. Nitakuja kutazama, Rawda, mpaka siku nitakayoona sina haja ya kutazama. Siku hiyo itafika lini, shauri yako."

"Nitakuita, Mama. Kila siku."

Nyuma ya sauti ya mama ilisikika sauti nyembamba ya Ilyas, kinywa kimejaa chakula, akitaka kumwambia dada yake kwamba alikaa dirishani na Kismayo yote ilionekana ndogo kama sahani. Rawda alijipangusa uso kwa ncha ya mtandio, akaiegemea simu, akamsikiliza mpaka neno la mwisho.